Kanda za Nusu Saa na Makuli wa Mombasa

Tazama pangaboi kwanza. Katika kanda za video zilizopigwa na wanajeshi wa Marekani kwenye uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, mwaka 1992, pangaboi za ndege za C-130 huonekana zikijizungusha kivivu, kama feni ya msikitini alasiri umeme unapopungua nguvu. Jicho linadanganywa. Injini ikiwa kwenye kasi yake kamili, pangaboi hiyo ya makasia manne huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani makasia 68 yanapita mbele ya lenzi kila sekunde. Kamera za Marekani za wakati ule zilikuwa zikinasa takriban nusu-picha 60 kwa sekunde. Yale 8 yanayobaki ndiyo tunayoyaona, na makasia manane ni mizunguko miwili tu kwa sekunde. Mtu akishajua jinsi anavyochezewa na pangaboi, ataitazama kanda nzima kwa uangalifu mwingine.

Operesheni yenyewe iliitwa Provide Relief. Rais George H. W. Bush aliitangaza tarehe 14 Agosti 1992, Somalia ikiwa katikati ya njaa na vita, na Brigedia Jenerali Frank Libutti wa kikosi cha Marine akaja kuiongoza akiwa hapa Mombasa. Safari za mwanzo zilipeleka chakula Wajir kwa wakimbizi. Kuanzia tarehe 28 Agosti ndege zikaanza kutua ndani ya Somalia: Beledweyne, Baidoa na viwanja vingine. Kazi iliendelea hadi Februari 1993. Leo Marekani na Somalia zikitajwa pamoja, wengi hukumbuka alfajiri ya tarehe 9 Desemba 1992, askari walipotua ufukweni Mogadishu wakakutana na taa kali za waandishi wa habari waliokwisha kufika kuwasubiri. Miezi mitatu na zaidi ya magunia kutoka Mombasa haikumbukwi na mtu, ingawa ilipigwa picha siku baada ya siku na wapigapicha wa jeshi lenyewe.

Wapigapicha hao ni kundi la pekee. Jeshi la Marekani lina vikosi ambavyo kazi yao ni kuandama operesheni na kuirekodi kwa ajili ya makamanda na kwa ajili ya hifadhi. Kazi hiyo wamekuwa nayo tangu zamani, lakini namna ya kuifanya imekuwa ikibadilika kwa kufuata chombo kilichomo mikononi, na hapo ndipo penye uchambuzi wangu.

Katika Vita Vikuu vya Pili, kamera waliyoitegemea sana ilikuwa Eyemo ya kampuni ya Bell & Howell. Ilijazwa ufunguo kama saa ya ukutani, na ukiujaza wote inakimbia takriban nusu dakika. Filamu yake ya kawaida ilikuwa na urefu wa futi 100, ambayo kwa picha 24 kwa sekunde huisha katika sekunde 67. Mtu mwenye sekunde 67 hafungui kamera ovyo. Anasubiri mlipuko, anasubiri bendera ipande. Ndiyo maana filamu za vita vile zinajaa matukio makubwa, na ni nadra kumwona mtu aliyekaa tu. Sauti nayo haikuwemo kabisa. Mwongozaji wa filamu John Ford alipopiga The Battle of Midway mwezi Juni 1942, bomu lilimwangukia karibu akajeruhiwa, na mshtuko ukairusha picha hadi ukingo wa fremu ukaonekana. Mtikisiko huo ni wa kweli. Sauti za watu unazozisikia kwenye filamu hiyo ziliwekwa baadaye na waigizaji, Henry Fonda akiwemo.

Wanajeshi waliokuja Mombasa miaka 50 baadaye walikuwa na zana nyingine. Kamera nyingi za video za kazi wakati huo zilitumia kanda za Betacam SP, na kaseti ndogo ya kutia kwenye kamera huchukua nusu saa. Sauti inaingia yenyewe, mpigapicha atake asitake. Mabadiliko haya mawili ndiyo yaliyotufaa sisi watu wa Mombasa kuliko nia ya mtu yeyote. Nusu saa ni ndefu. Mpigapicha anaiacha kamera inakwenda huku akisubiri ndege ipakiwe, na katika kusubiri huko anayanasa mambo ambayo hakutumwa: kivuli chini ya bawa, mtu anayejipangusa jasho kwa shati, lori lililochelewa, mazungumzo ya watu wasiojua kwamba kinasa sauti kinawasikia. Sekunde 67 za Eyemo zisingemfikia kuli mbeba magunia hata siku moja.

Nilimchukulia kipande kimoja cha kanda hizo Ami wa jirani, pale kwenye baraza tunapokaa jioni Makadara, si mbali na uwanja tunaosalia Idi. Alikuwa kuli bandarini Kilindini, na mwaka ule alichukuliwa pamoja na wenziwe kwenda kupakia magunia uwanja wa ndege. Kompyuta niliiweka juu ya kigoda. Mimi nilikuwa nikitazama ndege, yeye hakuijali.

"Tezama mikono," akaniambia. "Rudisha nyuma, mwanangu. Huyu si kuli."

Alikuwa akimwonyesha kijana aliyelikumbatia gunia kifuani. Kuli hulitia gunia begani, shingo akaiinamisha upande mmoja, na mkono mmoja tu ndio unaolishika. Wa pili umeachwa huru kwa ajili ya mlango. Huyo wa kifuani, akasema, ni mtu aliyeajiriwa juzi, na jioni ile mgongo ulimtesa.

Kisha akanionyesha upangaji. Magunia yalipangwa juu ya bamba la alumini la jeshi, lenye ukubwa wa mita 2.24 kwa 2.74, ambalo husukumwa juu ya rola hadi ndani ya tumbo la ndege. Safu ya kwanza magunia yamelala kwa urefu, ya pili kwa upana, ya tatu tena kwa urefu, yakashikana kama mkeka uliosukwa, ndipo wavu ukafungwa juu. Mzigo uliopangwa vibaya unahama ndege inapoinua pua, na rubani hana la kufanya. Nikamuuliza kama Wamarekani ndio waliowafundisha. Alinitazama kwa mshangao. "Hivi ndivyo tulivyokuwa tukipanga melini. Wao walitufundisha wavu."

Sasa linganisha hayo na maelezo yanayoandamana na picha hizi katika hifadhi. Maelezo ya kijeshi yana nidhamu yake na mimi nayaheshimu: tarehe, mahali, aina ya ndege, kikosi, cheo, jina la operesheni. Mtafiti wa mwaka 2092 ataweza kujua ndege gani ilikuwa wapi. Lakini mtu aliyebeba gunia huandikwa "wafanyakazi wenyeji" basi. Si chuki. Fomu haina nafasi ya kuandika jina lake, wala nafasi ya kuandika kwamba safu ya pili imelazwa upana. Kanda imeona zaidi ya yule aliyeiandikia maelezo, na ndiyo sababu mimi siridhiki kuyasoma maelezo bila kuitazama picha.

Yapo mawili yanayofanya jambo hili liwe la haraka. La kwanza ni la sheria, nalo ni zuri kwetu: kifungu cha 105 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinasema kazi ya mtumishi wa serikali yao, iliyofanywa kazini, haina hakimiliki huko Marekani. Kwa sheria hiyo ya kwao, mtu anaweza kuichukua, kuikata, kuitia sauti ya Kiswahili, bila kumwomba yeyote ruhusa. La pili linatisha: mashine za kuchezea kaseti za Betacam zinazidi kuadimika, na kanda ya sumaku huzeeka hata ikiwa kabatini. Kisichohamishwa mapema kitapotea. Na wanaoweza kuzitambua zile sauti nao wanazeeka.

Jambo moja la kiufundi kwa atakayejaribu: video ya Marekani ya wakati ule ina mistari 525, ya Kenya 625, na idadi ya picha kwa sekunde si moja. Nakala iliyogeuzwa kwa mfumo wetu wa wakati ule hurukaruka kila kitu kinapokwenda. Tafuta nakala ya mfumo wa kwao, hata kama mistari yake itaonekana kama meno ya kitana, uiangalie hivyo hivyo.

Mimi na Ami sasa tunaandika orodha yetu. Upande wa kushoto ni dakika na sekunde, upande wa kulia ni anachosema yeye: nani, kutoka mtaa gani, alikuwa akibeba nini. Kurasa tatu za daftari zimejaa kwa kipande kisichofika dakika kumi. Kuna mahali injini inanyamaza na mtu aliye nje ya picha anahesabu magunia kwa sauti, kwa mahadhi, kama wafanyavyo makuli ili miguu iende pamoja. Mara ya nne nilipoirudisha sehemu hiyo, Ami hakutazama skrini. Aliinamisha kichwa upande mmoja, ule wa gunia, akahesabu pamoja naye mpaka kanda ikakatika.