Kevin Okoth na Kevin Akoth: Jina la Kati Mpakani

Wahakiki wetu wamezoea kuyachambua majina ya wahusika wa riwaya na tamthilia, wakiuliza kwa nini mwandishi kamwita huyu hivi na yule vile. Ni nadra kuligeuzia jicho hilo jina la mtoto aliyeketi dawati la mbele. Na hali jina hilo nalo ni utungo: mzazi ameutunga, karani ameunakili, na mwalimu huusoma kwa sauti kila asubuhi. Katika makala haya tunakusudia kuutazama utungo mmoja wa namna hiyo, nao ni jina la Kiayalandi lililofungamanishwa na jina la kati, kama lisikikavyo Rubongi, katika wilaya ya Tororo, na ng'ambo ya mpaka upande wa Busia.

Majina hayo hayakuja kwa bahati. Mwaka 1894 Kanisa Katoliki liliikabidhi sehemu ya mashariki ya Uganda kwa Wamisionari wa Mill Hill, na miongoni mwa mapadre na masista waliofuata walikuwamo Waayalandi wengi. Aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika majina ni Mama Kevin. Huyu alizaliwa mwaka 1875 karibu na Arklow, katika jimbo la Wicklow, akaitwa Teresa Kearney. Alipoingia utawa alichukua jina la Mtakatifu Kevin wa Glendalough, bonde lililomo katika jimbo hilohilo la kwao. Alifika Nsambya mwaka 1903, akafariki Marekani mwaka 1957, na mwili wake ukarudishwa Uganda ukazikwa Nkokonjeru. Basi jina la mtakatifu mwanamume likavaliwa na mtawa mwanamke, na wazazi wa Uganda waliompenda mtawa huyo wakawapa binti zao jina lile lile bila kulibadili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Nchini Uganda si ajabu kumkuta msichana aitwaye Kevin. Nchini Kenya Kevin ni mvulana, na vijana wenzake humwita Kevo. Mpakani, ambako mtoto huweza kulala nchi moja na kusoma nchi ya pili, jina la kwanza pekee halitoshi kumjulisha mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na jina la kati. Kwa Wapadhola, kama ilivyo kwa Wajaluo wengine, kiambishi O- aghalabu huonyesha mwanamume na A- mwanamke: Kevin Okoth ni mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha, Kevin Akoth ni msichana wa mvua hiyo hiyo. Jirani yao Msamia atasema Kevin Wabwire na Kevin Nabwire kwa waliozaliwa usiku, na huo ndio usiku ambao Mpadhola huuita Owor au Othieno. Herufi moja mwanzoni mwa jina inafanya kazi ambayo jina zima la kigeni limeshindwa kuifanya. Sisi tunaona huo ni ufundi wa lugha unaostahili kufundishwa darasani, kabla hata ya ngeli.

Ama kuhusu sauti, si kila fungamano ni zuri. Jina liishialo kwa konsonanti likifuatwa na lianzalo kwa irabu huungana nalo kwa pumzi moja, hata sikio likasikia Kevi-Nokoth. Nasi hatuoni ubaya, kwa kuwa ulimi unateleza vizuri. Brendan Onyango husomeka kama mshororo uliopimwa. Brian Barasa, upande wa Waluhya, lina takriri ya b inayopendeza mara ya kwanza na kuchosha mara ya kumi. Patrick Oketcho hukwaruza kidogo, lakini hilo tunalisamehe, kwa maana Oketcho ni mtoto wa wakati wa njaa, na njaa haina sababu ya kuimbika.

Katika maana ndimo mna utajiri zaidi. Kevin, kwa Kiayalandi cha kale, ni mtu wa uzawa mwema. Ni jina lihusulo kuzaliwa, sawa na yalivyo majina mengi ya Kipadhola. Kieran ni mdogo mweusi. Mtoto aitwaye Kieran Owor ana weusi ndani ya usiku, na wapo watakaosema kiza kimezidi. Sisi twaliona jina hilo kuwa kamili kuliko yote tuliyoyataja, kwa kuwa lugha mbili zisizojuana zimekutana katika rangi moja. Patrick, kwa upande wake, asili yake ni Kilatini, na mtakatifu mwenyewe alikuwa mwana wa Uingereza aliyepelekwa Ayalandi mateka.

Yuko atakayetupinga kwa hoja ya Lawino. Katika utenzi wa Okot p'Bitek uliochapwa mwaka 1966, ambao Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili, mke wa Kiacholi anayacheka majina ya ubatizo ambayo mumewe anajivunia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliacha jina la James. Serikali ya Zaire ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1972 iliwaamuru raia wayaache majina ya Kikristo. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini inayapima majina yote ya kigeni kwa kipimo kimoja. Waayalandi nao walitawaliwa na Waingereza, na katika daftari za watawala majina yao yaliandikwa Kiingereza, wengi wakapoteza hata ile Ó iliyomaanisha mjukuu wa fulani. Ukoo wa Kearney ulikuwa Ó Cearnaigh. (Ó hiyo haina udugu na O- ya Kijaluo, japo Barack Obama alifanya mzaha juu ya kufanana huko alipozuru Moneygall mwaka 2011, kijiji alikotoka babu yake mmoja upande wa mama, naye pia akiitwa Kearney.) Kwa hiyo Kevin si jina la bwana. Ni jina la kienyeji la watu wengine, na likiwekwa kando ya Okoth yanakaa kama wageni wawili walioketi mkeka mmoja.

Tunalolilaumu ni jingine. Siku hizi mzazi humwita bintiye Kevin Sharon Okoth, na Okoth hapo ni baba. Mtoto amepewa majina mawili ya mbali na mvua isiyokuwa yake. Saa aliyozaliwa haimo, na bibi aliyefariki ambaye angerithiwa hayumo. Mapacha ndio waliodhulumiwa zaidi. Mila iliwawekea majina tayari, Opio kwa wa kwanza na Odongo kwa wa pili, na afuataye baada yao akawa Okello. Leo wanaitwa Kevin na Kelvin, kana kwamba Kelvin ni Kevin aliyeongezwa herufi. Kelvin ni mto wa Glasgow, Uskoti. Atakayezaliwa baada ya hao ataitwaje Okello, ilhali Opio na Odongo hawapo?

Nasi walimu hatujatoka safi katika hili. Daftari la mahudhurio lina nafasi finyu, na jina la kati ndilo linalokatwa kwanza: Kevin O., Kevin A., Kevin W. Jinsia imesalimika, mvua imekwenda. Kitambulisho cha taifa cha Uganda kina mahali pa jina la ukoo na mahali pa jina alilopewa mtu, na Okoth, ambalo halikuwa la ukoo, huingizwa katika nafasi ya kwanza kwa kukosa pengine pa kuwekwa. Hilo la kitambulisho haliko mikononi mwetu. Daftari liko, na mstari wake unatosha kuandika Akoth kwa ukamilifu, herufi tano.