Mwana Aliyekanwa na Mwana Aliyekubaliwa: Kifo cha Shujaa katika Idylls of the King na Utendi wa Fumo Liyongo

1. Utangulizi

Ushairi-simulizi wa Kiingereza wa enzi za Malkia Victoria (1837–1901) ulivutiwa sana na visakale vya Zama za Kati. William Morris alichapisha The Defence of Guenevere mwaka 1858, naye Swinburne akatoa Tristram of Lyonesse mwaka 1882. Aliyewazidi wote kwa uvumilivu ni Alfred Tennyson, ambaye kuanzia 1833 hadi 1885 aliirudia tena na tena habari ya Mfalme Arthur mpaka ikawa Idylls of the King. Chanzo chake kikuu kilikuwa masimulizi ya nathari ya Thomas Malory, yaliyopigwa chapa na Caxton mwaka 1485. Huku kwetu, Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Naye pia alikuwa na kisakale mkononi, cha shujaa ambaye wataalamu hadi leo wanatofautiana kwa karne nyingi juu ya zama alizoishi.

Kulinganisha tungo hizi si jambo la kushangaza. Linaloshangaza ni kwamba ulinganisho wa namna hii huishia kwenye mambo ya juu juu: nguvu za shujaa, silaha yake, na siri ya kifo chake. Makala hii inadai kwamba ufunguo uko kwingine. Katika visakale vyote viwili shujaa huuawa na mwanawe wa kumzaa. Tennyson aliuondoa uzazi huo. Kijumwa aliuacha mahali pake na kuujengea upeo wa utendi wake. Uamuzi huu ndio unaotenganisha mitazamo ya kazi hizi juu ya ushujaa na juu ya dola.

2. Visakale kuingia maandishini

Ni vema kukumbuka kwamba Liyongo mwenyewe aliingia katika vitabu vya Ulaya katika enzi hiyohiyo ya Victoria. Edward Steere alichapisha habari zake katika Swahili Tales, jijini London mwaka 1870, wakati ambapo sehemu ya Idylls inayohusu Kikombe Kitakatifu ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Baadaye, mwaka 1926, Alice Werner aliyaita masimulizi ya Liyongo kuwa ni saga, jina linalotokana na fasihi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo miwani ya Zama za Kati ilikwisha kuvalishwa Liyongo kabla wahakiki wetu hawajaanza kumsoma.

Hata hivyo, Kijumwa hakuwa karani wa wageni. Alikuwa mchongaji wa mbao, mwandishi stadi wa hati za Kiarabu, mwanamuziki na mshairi. Bahari ya utendi, yenye mishororo minne ya mizani minane minane na kina cha mwisho kinachofunga kila ubeti, aliirithi kutoka kwa washairi wa Pate na Lamu. Umbo hilo lina athari katika maana. Tennyson, katika mistari mirefu isiyo na vina, ana nafasi ya kusitasita, kueleza mandhari na kuhukumu. Utendi hautoi nafasi hiyo. Ubeti ukikamilika, tendo limekwisha kutendeka, na hukumu imebaki kwa hadhira.

3. Mwana

Kwa Malory, Mordred ni mwana wa Arthur aliyezaliwa na dada yake wa mama mmoja. Maangamizi ya ufalme yana mbegu katika kosa la mfalme mwenyewe. Tennyson aliifuta asili hiyo: katika sehemu ya Guinevere, Arthur anamkana Modred kuwa si wa damu yake. Mfalme anabaki safi, na mwaka 1862 kazi nzima ikatabarukiwa kwa kumbukumbu ya Prince Albert, mume wa Malkia. Swinburne aliona hasara yake mapema; katika Under the Microscope (1872) alilalamika kwamba kumwondolea Arthur dhambi hiyo ni kukiondolea kisakale mzizi wa tanzia yake.

Kijumwa alikuwa na njia rahisi zaidi ya kumkana mwana, lakini hakuitumia. Mama wa kijana ni wa Wagala, kama Waoromo wanavyoitwa katika utendi. Ingetosha kusema kwamba damu ya ugenini ndiyo iliyosaliti. Badala yake anatuonyesha jumba la Pate likimrubuni kijana kwa ahadi ya cheo na ndoa ya binti wa Sultani. Kijana anapoiuliza siri ya kifo, baba anashuku nia yake, na bado anaitamka: sindano ya shaba kitovuni. Hapa ndipo utendi unapofikia upeo wake. Liyongo aliyevunja hila ya mkoma, alipoangua matunda kwa mishale bila kuupanda, na aliyekata minyororo gerezani, hana hila dhidi ya mtoto wake. Baadaye mwana anaulipia usaliti wake bila kupata alichoahidiwa.

4. Wanawake na maji

Tofauti hiyo inajirudia katika nafasi ya mwanamke. Tennyson, akiisha kumtakasa mfalme, analazimika kutafuta mwenye kubeba lawama, naye anakuwa Guinevere, anayegaagaa miguuni pa mumewe akihubiriwa. Katika utendi, mama na kijakazi Saada ndio wanaomwokoa Liyongo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa kumvi, huku ngoma ya gungu ikifunika sauti ya chuma. Kwa hiyo chanzo cha anguko si nyumba ya mwanamke, bali kiti cha enzi na hofu ya anayekikalia.

Maji nayo yanasema. Arthur anapokaribia kufa, upanga wake unapokelewa na ziwa na jahazi la malkia watatu linampeleka Avilion. Kifo kinakuwa safari. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Uhalifu wa jumba unageuka kiu ya mji mzima, mpaka mama anapokuja kuukabili mwili wa mwanawe.

5. Msomaji wa bara ya Malindi

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Msomaji wa Ganda, magharibi ya mji wa Malindi, amelelewa katika masimulizi ya Wamijikenda ya kuhama Singwaya kwa sababu ya ugomvi na Wagala. Je, haelekei kuuona usaliti wa mwana kuwa uthibitisho wa uadui wa kabila? Hatari hiyo ipo, na mwalimu anayeufundisha utendi kwa kusifu nguvu za Liyongo peke yake anaizidisha. Lakini mpango wa utendi unaikataa tafsiri hiyo: ndoa ya Kigala iliombwa na kukubaliwa, na njama ilitungwa Pate. Msomaji huyo ana kumbukumbu nyingine ya kumsaidia. Mwaka huohuo wa 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akiwahamasisha Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza, mpaka akakamatwa. Hatudai kwamba Kijumwa alimkusudia. Tunasema tu kwamba mbinu ya dola kuwatumia walio karibu na shujaa haikuwa jambo la kale kwa watu wa pwani hii.

6. Hitimisho

Kumwita Liyongo Arthur wa Waswahili, basi, ni kumpimia kwa kipimo cha shujaa aliyetakaswa. Tennyson alilinda heshima ya mfalme kwa kumtoa mwana nje ya ukoo. Kijumwa alimwacha mwana ndani, akamwacha baba akijua, na akauelekeza mkono wa lawama kwa Sultani. Uhakiki wa tendi zetu utafaidika zaidi ukianza na uamuzi huo wa mtunzi kuliko ukianza na orodha ya sifa za shujaa.