Hongera Samatta, kutoka Kilindoni
Ukikaa kwenye kibanda umiza hapa Kilindoni, hutakosa mtu wa kumbeza Mbwana Samatta: goli moja tu Ligi Kuu ya Uingereza! Ni kweli, alilifunga dhidi ya Bournemouth, Februari 2020. Lakini kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kufunga kwenye ligi ile, na wabezaji hilo hulirukia.

Mimi nalikumbuka zaidi la Wembley, 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi. Aston Villa, timu yake wakati huo, wameshapigwa mbili na Manchester City. El Ghazi anamimina krosi, Samatta anajirusha mzimamzima, kichwa, wavuni. Villa walilala 2-1, sawa.

Kazi ya mshambuliaji wa kuhamahama ni ngumu: kila klabu kocha mpya, lugha mpya, namba ya kugombea upya. Yeye katoka Simba, akabeba ubingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015, wa Ubelgiji na Genk 2019, kisha Fenerbahçe, Antwerp, na PAOK, mabingwa wa Ugiriki 2024. Wanaombeza waanze kuhesabia hapo.