Mwinamo, Maji na Miti: Jinsi Njia za Mlima Tom Zilivyofanywa Nyepesi

Njia za kutembelea katika milki ya kale inayoitwa leo Marsh-Billings-Rockefeller, mjini Woodstock katika jimbo la Vermont nchini Marekani, zinasifiwa kwa wepesi wake: mzee, mtoto na mgeni asiyezoea milima huweza kupanda Mlima Tom bila kuhema sana, tena wakiwa kivulini karibu safari nzima. Wepesi huo haukutokana na maumbile ya mlima, ambao pande zake ni za miamba na zimesimama. Ulipimwa, ukachimbwa na kujengewa mawe kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19, na kipimo chake kilikuwa uwezo wa farasi anayevuta gari la abiria. Uchambuzi huu unaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, na kwa nini haiwezi kueleweka ikitenganishwa na msitu unaoizunguka.

Msitu wenyewe kwa sehemu ni wa kupandwa. George Perkins Marsh, aliyezaliwa Woodstock mwaka 1801 na kulelewa katika milki hiyo, alikua akiushuhudia mlima ukinyolewa miti kwa ajili ya mbao, kuni na malisho. Kufikia mwaka 1840 jimbo dogo la Vermont lilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 1.6, idadi iliyozidi ile ya watu mara kadhaa. Mvua iliyonyesha juu ya ardhi tupu ilitelemka kwa kasi, ikabeba udongo wa juu, ikajaza mito mchanga na kuacha vijito vikikauka wakati wa kiangazi. Marsh, ambaye baadaye alikuwa mwanadiplomasia katika dola ya Uturuki na kisha Italia, aliyakusanya mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1864, Man and Nature, akidai kwamba mwanadamu anaweza kuiharibu ardhi kiasi cha kujiletea ufukara, na kwamba ana wajibu wa kuitengeneza upya.

Milki hiyo ilinunuliwa mwaka 1869 na Frederick Billings, mwanasheria aliyetajirika San Francisco wakati wa msako wa dhahabu na ambaye baadaye, kuanzia 1879 hadi 1881, alikuwa rais wa kampuni ya reli ya Northern Pacific. Billings alikisoma kitabu cha Marsh na kukichukulia kuwa mwongozo wa kazi: katika malisho yaliyochoka alipanda miti ya sprusi ya Norwe, lachi ya Ulaya na misonobari, akaijaza safu kwa safu, na papo hapo akaanza kuchonga mtandao wa barabara za magari ya farasi. Baada ya kifo chake mwaka 1890, mkewe Julia na binti zao waliendeleza kazi zote mbili. Leo njia hizo zina urefu wa takriban kilomita 32 ndani ya eneo la zaidi kidogo ya ekari 550, msongamano mkubwa ambao unaonyesha kwamba mjenzi hakutafuta kufika kileleni tu, bali alitaka kila kipande cha msitu kifikiwe na kuonekana.

Jambo la kwanza la kiufundi ni mwinamo, yaani kimo kinachopandwa kikilinganishwa na urefu wa njia. Mwinamo wa asilimia 5 humaanisha kupanda mita 5 katika kila mita 100. Hesabu ya kukadiria inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Gari la farasi lenye abiria, likiwa na uzito wa kilo 600 kwa jumla, huhitaji katika barabara tambarare ya kokoto zilizoshindiliwa nguvu ya kuvuta inayolingana na uzito wa kilo 15 hivi, kwa sababu kinachoshindwa hapo ni ukinzani wa magurudumu peke yake. Barabara ikipanda kwa asilimia 5, sehemu ya uzito wa gari inaongezeka juu ya ukinzani huo, nayo ni kilo 30, hivyo farasi analazimika kuvuta mara tatu ya awali. Kwa asilimia 10 mzigo unafikia kilo 75, yaani mara tano. Farasi mwenye afya humudu kwa muda mfupi mvuto wa namna hiyo, lakini hawezi kuudumisha mlima mzima, na wakati wa kushuka hatari huhamia kwenye breki.

Kutokana na hesabu hiyo, urefu wa njia unakuwa ndicho kitu ambacho mjenzi anakitoa ili anunue wepesi. Kilele cha kusini cha Mlima Tom kimeinuka juu ya kijiji cha Woodstock kwa mita 160 hivi. Njia inayopanda moja kwa moja kwa mwinamo wa asilimia 20 ingefika huko baada ya mita 800, lakini ingemfaa mbuzi zaidi kuliko gari; kwa asilimia 5 njia inahitaji kilomita 3.2. Ndiyo maana barabara za Billings hufuata mistari ya kontua, ambayo ni mistari ya kufikirika inayounganisha sehemu za mlima zenye kimo kimoja, zikiivuka kidogo kidogo na kuuzunguka mlima badala ya kuushambulia usoni. Ubavuni mwa mlima, njia ya aina hii hujengwa kwa kukata upande wa juu na kuujaza upande wa chini, kisha kuushikilia udongo uliojazwa kwa ukuta wa mawe pale ambapo ubavu umesimama mno.

Adui mkubwa wa njia kama hii, hata hivyo, ni maji, na hapa ndipo fikra za Marsh na ufundi wa barabara zinapokutana. Barabara inayokata ubavu wa mlima huyakamata maji yote yanayotelemka kutoka juu yake, na ikiyaacha yaandamane nayo, huyageuza kuwa kijito kinachozidi nguvu kila hatua na kuichimba hadi kwenye jiwe. Kanuni iliyofanya malisho ya kondoo yapoteze udongo wake inafanya kazi ileile katika barabara yenye upana wa mita chache, ila kwa haraka zaidi. Dawa yake ni kuyatoa maji mapema, yakiwa bado machache na dhaifu: katikati ya barabara huinuliwa kidogo ili pawe na mgongo unaoyagawa kulia na kushoto, mfereji wa pembeni huyapokea yale yanayotoka mlimani, na kalvati, yaani mtaro uliofunikwa unaopita chini ya barabara, huyavusha hadi upande wa chini, ambako hutawanywa msituni. Kalvati moja kubwa haitoshi mahali panapohitaji kalvati ndogo nyingi, kwa kuwa kila nafasi iliyoachwa bila njia ya kutokea huyapa maji muda wa kukusanya kasi.

Baridi ya Vermont inaongeza mtihani ambao wajenzi wa nchi za joto hawaujui. Maji yaliyonaswa chini ya barabara huganda, huvimba na kuinua uso wake. Majira ya kuchipua yakifika, barafu huyeyuka kuanzia juu, na tabaka la juu hubaki tope zito kwa sababu maji hayawezi kupenya barafu iliyobaki chini. Wenyeji huyaita majira hayo msimu wa matope. Barabara yenye msingi wa mawe na mifereji iliyo wazi hukauka mapema, na msitu nao huisaidia: matawi hupunguza kishindo cha mvua, na majani yaliyooza sakafuni hufyonza maji ambayo yangefika mferejini kwa mkupuo. Miti iliyopandwa ili kuuponya mlima inailinda pia njia iliyojengwa ili miti hiyo itazamwe, na huo ndio ustadi unaostahili kuheshimiwa zaidi katika milki hii.

Kuhusu mandhari, kazi ilikuwa ya kufunga na kufungua. Mpita njia huongozwa kwanza katika giza la sprusi zilizosongamana, kisha katika miti ya mepo yenye mwanga, halafu huachiwa ghafla uwazi wa bwawa la Pogue lenye ukubwa wa ekari 14.

Ubavu mwingine wa mlima huohuo unatoa ulinganisho wa maana. Njia ya Faulkner, inayoanzia kijijini, ilijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya watembeao kwa miguu, nayo hupanda kwa kona nyingi za kurudi nyuma kwa takriban kilomita 2.6, mwinamo wake wa wastani ukiwa kama asilimia 6. Karibu na kilele, miamba inakataa kona zaidi, na mita za mwisho zinapandwa juu ya mawe kwa msaada wa kamba za chuma zilizofungwa kando. Anayezishika kamba hizo anaujua mlima kwa mara ya kwanza.

Mary French Rockefeller, mjukuu wa Billings, na mumewe Laurance waliikabidhi milki kwa taifa mwaka 1992, ikawa hifadhi, nayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1998. Misitu bado inavunwa kwa kiasi, na magogo hutolewa kupitia barabara zilezile za magari ya farasi, jambo linalozitwika uzito ambao hazikupimiwa na kuwalazimu wasimamizi kuchagua majira ambapo ardhi imeganda au imekauka. Sprusi za karne ya 19 zinazeeka, na katika vipande vingi nafasi yake inachukuliwa na miti ya kienyeji inayojiotea. Mvua kubwa nazo zimebadilika. Mwaka 2011 dhoruba ya Irene iliufanya mto Ottauquechee ufurike Woodstock. Ukubwa wa makalvati, uliotosha kwa mvua za enzi ya Billings, sasa unapaswa kupimwa upya, moja baada ya jingine, kabla mifereji haijaziba kwa majani ya vuli inayofuata.