Sanamu za Watumwa Mkunazini

Wasomaji wengi wamesikia habari za Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, ambalo Askofu Steere alilijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa, Sultani Barghash alipokwisha kulifunga mwaka 1873. Kando ya kanisa hilo pana shimo, na ndani yake zimesimama sanamu tano za watu, minyororo shingoni. Kazi hii ilifanywa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, mchonga sanamu wa Uswidi.

Twaisifu. Mchongaji hakuwaweka watu hawa juu ya nguzo, kama wawekwavyo wafalme na majemadari. Amewashusha chini ya ardhi, hata mtazamaji hana budi kuinamisha kichwa ili awaone, naye hujikuta amesimama mahali pa mnunuzi. Nyuso zao ni nzito, wala hazilii. Fundi hafifu angaliwaliza.

Lakini ni nani hawa? Hawana jina, wala kabila, wala kijiji. Sanamu yaweza kututia huzuni, lakini haiwezi kutuambia ya kwamba Petro Kilekwa, Mbisa, alitekwa angali mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akawa padre, na habari zake zikatoka kitabuni mwaka 1937. Wala haitatuambia yale ambayo James Mbotela aliyasimulia juu ya wazee wa Freretown katika Uhuru wa Watumwa. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria, na pale shimoni twaikosa.

Lililo baya zaidi li hatua chache tu kutoka hapo. Chini ya jengo la St Monica mna vyumba vya giza, dari yake fupi, na wageni wengi wameambiwa kwamba watumwa walifungwa humo wakingojea mnada. Kumbe jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe, soko lilipokwisha kufungwa! Wanahistoria wamelisema jambo hili, lakini giza la vyumba lina sauti kuu kuliko yao. Sanamu haimdanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja ajua kwamba ni kazi ya mikono. Chumba hudanganya kwa sababu chajifanya shahidi. Tena mgeni akija kuutambua uongo huo, atalitilia shaka na soko lenyewe, ambalo lilikuwako kweli, na waliouzwa humo watapotea mara ya pili.

Mwaka 2016 maonyesho ya picha na maandishi yalifunguliwa katika jengo hilo kwa msaada wa World Monuments Fund. Ni hatua njema, ila maandishi yamekaa ndani na sanamu zimekaa nje, kama majirani wasioamkiana. Twaona yafaa majina yaliyohifadhiwa katika vitabu vya misheni na vya manowari yachongwe ukingoni mwa shimo, mchongaji akichagua herufi, mwanahistoria akilithibitisha kila jina. Na mlangoni mwa vile vyumba kiwekwe kibao chenye mwaka wa kujengwa kwake.