Uzalendo wa Nani Katika Zama za Viwanda?

Katika insha za wanafunzi wetu, mada ya uzalendo haikosi methali moja: mkataa kwao mtumwa. Miaka ya karibuni methali hiyo imepewa kazi mpya. Asiyenunua shati lililoshonwa nchini mwake huhesabiwa kuwa amekataa kwao. Katika makala haya tunahoji matumizi hayo, kwa kuwa sisi walimu wa Kiswahili ndio tunaolipokea neno uzalendo kutoka jukwaani na kulipeleka darasani.

Tuanze na neno lenyewe. Mzalendo lina uhusiano na kitenzi zaa. Humtaja kwanza mtu aliyezaliwa mahali, yaani mwenyeji; maana ya mtu anayeipenda na kuitetea nchi yake imejengwa juu ya hiyo. Katika maana zote mbili, uzalendo ni sifa ya mtu. Kiwanda hakizaliwi. Kiwanda cha nguo cha NYTIL pale Jinja kilianza zama za ukoloni, kikatumia pamba ya wakulima wetu na umeme wa Owen Falls, lakini hatuwaiti wakoloni wazalendo wa Uganda kwa sababu hiyo.

Pili, tutazame suala la mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate soko. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za AGOA, Kenya, Uganda na Tanzania zililegeza msimamo. Rwanda, iliyoshikilia ushuru wa dola 2.50 kwa kilo, ilisimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Agosti 2023, akiwa Mbale katika shughuli ya viwanda, Rais Museveni alitangaza tena kwamba mitumba ipigwe marufuku. Hoja ya kulinda viwanda ina uzito wake, nasi hatuipuuzi. Tatizo ni kwamba hoja ya uchumi ikishavishwa joho la uzalendo, haijadiliwi tena. Mama anayeuza mivumba katika soko la Owino, na mzazi anayetafuta sweta la mtoto kwa bei anayoimudu, wote hugeuka wasaliti kabla hawajaulizwa neno.

Fasihi yetu inatupa kipimo kingine. Katika riwaya ya Kuli (1979), Adam Shafi anamchora Rashidi, mchukuzi wa bandarini Unguja, katika mazingira ya mgomo wa mwaka 1948. Darasani tunamwita Rashidi mzalendo bila kusita, ingawa anachodai ni ujira na utu. Je, mshonaji wa kiwandani leo akidai hayo hayo chini ya bendera yake mwenyewe, tutamwitaje? Aghalabu huambiwa avumilie, kwani nchi inajengwa. Maana ya neno imegeuzwa: madai yaliyokuwa uzalendo mbele ya mkoloni yamekuwa utovu wa uzalendo mbele ya mwekezaji.

Hapa Uganda swali hili si la nadharia tupu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Kwa hiyo mnunuzi anatakiwa kulipa bei ya uzalendo dukani, ilhali mshonaji hana sheria ya kumhakikishia kwamba sehemu ya bei hiyo itamfikia.

Methali ya kwanza ina mwenzake, nayo haitajwi sana: mcheza kwao hutunzwa. Ya kwanza inataja wajibu wa mtu kwa kwao. Ya pili inataja wajibu wa kwao kwa mtu. Uzalendo unaoshika moja na kuacha nyingine ni nusu ya uzalendo.

Tunapendekeza kwamba walimu wenzetu wanapotoa mada hii wasiishie kuuliza, "Eleza umuhimu wa uzalendo." Waulize pia: nani anaombwa kujitoa, nani anafaidika, na nani ana haki ya kumwita mwenzake msaliti? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo kwa Kiswahili fasaha ameitumikia nchi yake, hata kama sweta alilovaa limetoka Owino.