Mbuzi wa Lodwar Hayumo Kwenye Orodha

Kama ulisoma primary Kenya, hiyo orodha unaijua. Simba wakiwa wengi ni "pride". Bata bukini ni "gaggle". Samaki ni "school", na hapo darasa zima linacheka kwa sababu samaki wanaenda shule. Mtoto wa farasi ni "foal", wa swan ni "cygnet", wa mbuzi ni "kid". Mbwa analala kwenye "kennel", nguruwe kwenye "sty". KCPE ilianza 1985 na ikafanywa mara ya mwisho 2023, lakini orodha haikustaafu nayo. Iko kwenye vitabu vya mazoezi, kwenye chati za ukutani, na kwenye karatasi za tuition zinazopigwa fotokopi mpaka herufi zinafifia.

Nimefundisha Kiingereza cha jioni na wikendi, kwanza Lodwar na sasa Kakuma, kwa hivyo hiyo orodha nimeisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Nataka niihakiki vile tunavyohakiki riwaya. Imeandikwa na nani? Inamwona nani? Nani ameachwa nje ya ukurasa?

Tuanze na mwandishi. Mengi ya majina haya ya makundi tunayafuatilia hadi kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1486, The Book of Saint Albans. Ni kitabu cha uwindaji, cha kufuga ndege wa kuwindia, na cha nembo za koo za watu wakubwa. Msomaji wake alikuwa mtu wa tabaka la juu, au mtu aliyetamani kuonekana wa tabaka hilo. Ukijua neno sahihi la kila kundi, basi wewe ni mwenzao. Usipolijua, umejianika. Mengine yalikuwa utani mtupu, maana orodha hiyo ina majina ya makundi ya watu pia, ya kuwachekesha wasomaji wake. Zaidi ya miaka 500 baadaye, utani wa mabwana wa Uingereza umekuwa swali la alama moja kwa mtoto wa Kanamkemer.

Kwa hivyo orodha hii haikuundwa ili mtu amjue mnyama. Iliundwa ili watu wajuane wao kwa wao, nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Na kazi hiyo bado inaifanya. Mtoto aliyechunga tangu akiwa na miaka mitano anaketi mbele ya karatasi, anaambiwa hajui wanyama.

Sasa tazama anachokijua. Niliwahi kumuuliza mvulana mmoja wa Gredi ya 4 mbuzi wao ni wangapi. "Mwalimu, sijawahi kuhesabu," akaniambia. Nikauliza, sasa mmoja akipotea utajuaje? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa atajuaje dadake hayupo nyumbani. "Si nitaona ni nani hayuko?"

Hilo jibu lina utafiti nyuma yake. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Mjapani, Itaru Ohta, alichapisha makala kuhusu namna Waturkana wanavyowatambua mifugo mmoja mmoja: rangi, mabaka na yamekaa wapi, pembe zimejipinda vipi, masikio yamekatwa namna gani. Mbuzi hapo ni mtu fulani, ana sura yake. Gerrit Dimmendaal naye, katika sarufi yake ya Kiturkana ya 1983, anaonyesha kwamba lugha hii ina jinsia tatu. Nomino ya kiume huanza na e, ya kike na a, halafu kuna ya tatu ya i, ambayo mara nyingi hubeba vitu vidogo na vichanga. Fahali wa kuhasiwa ni emong, ngamia ni ekaal, mbuzi ni akine. Ukitamka jina la mnyama, umeshasema kitu kumhusu kabla hujafika kwa kitenzi.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu akiandika "the goat, he is crying", kalamu yangu nyekundu inasita. Sarufi ya Kiingereza inataka "it", neno lile lile la meza na jiwe. Kiswahili hakijawahi kumfanyia mbuzi hivyo. Mbuzi *amelala*, mbuzi *amekufa*, kama vile mjomba amelala na mjomba amekufa. Mtoto anayeandika "he" ameleta darasani sarufi za lugha mbili ambazo mnyama si kitu. Ninasahihisha, kwa sababu mtihani hautamwonea huruma. Lakini ninamwambia pia kwamba Kiingereza chenyewe humwita mbwa wa nyumbani "he" au "she" bila shida, kwa sababu huyo wanamjua. Tofauti iko kwa ujuano. Hiyo anaielewa haraka sana.

Kabla hatujajipigia makofi, tugeukie Kiswahili. Sisi pia tuna orodha yetu. Vikembe! Mtoto wa simba ni shibli. Wa farasi ni kitekli. Wa nyoka ni kinyemere. Wa ngamia ni nirihi. Niambie ukweli, mara ya mwisho kusikia mtu akisema nirihi barabarani ilikuwa lini? Pale Lodwar ngamia wanakatiza mbele ya bodaboda, na wenye ngamia hawana habari na nirihi. Walimu wetu wa Kiswahili waliona Kiingereza kina "foal" na "cygnet", wakaingia kamusini kututafutia vya kushindana navyo. Tukaishia na orodha mbili za kukariri badala ya moja. Na huku maneno ya Kiswahili yanayofanya kazi kweli, kama mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, au maksai, wanafunzi wengi hawayajui. Beberu wanamjua, lakini yule wa siasa. Yule wa mbuzi wamemsahau.

Kakuma mambo yanakuwa mazito zaidi. Kambi ilifunguliwa 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo ni vijana waliotoka kusini mwa Sudan kwa miguu. Kwa Wadinka, rangi za ng'ombe ni kamusi nzima. Godfrey Lienhardt aliliandika hilo katika Divinity and Experience, kitabu cha 1961. Fahali mwenye mabaka ya chui anapata jina lake kwa chui, Makuac. Fahali mweusi mwenye kichwa cheupe ni Makuei, kwa ajili ya furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Watu hubeba majina haya pia. Lile Mabior la John Garang de Mabior ni la fahali mweupe. Yaani ndege wa mwitu, fahali wa zizini na mtu wa nyumbani wanashiriki neno moja, na ukimwona mmoja unamkumbuka mwingine.

Orodha yetu ya shule inawatenga hao watatu. "Wild animals" ukurasa huu, "domestic animals" ukurasa ule, watu wako kwenye mada nyingine. Mtoto wa Kidinka anayeitwa Makuei anafundishwa kuchora mstari katikati ya jina lake mwenyewe. Na kuna uchungu mwingine juu yake: wakimbizi hawaruhusiwi kufuga ng'ombe kambini, kwa sababu malisho ni haba na mgogoro na wenyeji uko karibu. Yeye amebakiwa na neno tu. Ng'ombe hayupo. Ukimnyang'anya neno pia, umemwachia nini?

Kuna Kiingereza kingine cha wanyama, cha wasafiri na wanasayansi waliopita hapa. Mfano wake mkubwa ni Eyelids of Morning cha 1973, kitabu cha Alistair Graham chenye picha za Peter Beard, kuhusu mamba wa ziwa ambalo wakati ule liliitwa Rudolf. Jina la Turkana lilikuja 1975. Kilitokana na utafiti wa miaka ya 60 uliofanyiwa idara ya serikali ambayo kwa Kiingereza iliitwa Game Department, na mamia ya mamba walipigwa risasi ili wapimwe. Hebu likalie hilo neno "game". Ni mchezo, na ni mnyama wa kuwindwa. Kitabu kinavutia, sikatai. Kichwa chake kimetoka Ayubu sura ya 41, na mamba ndani yake ana ukuu wa Agano la Kale. Lakini ni mamba wa kutisha na wa kupimwa. Mvuvi wa Kalokol anayejua ni ghuba ipi ya kukwepa na mwezi gani ana maarifa ambayo msamiati ule hauna pa kuyaweka.

Utasema basi tutupe Kiingereza, twende nyumbani. Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaoandika mashairi kuhusu lugha ya mama halafu wanapanda ndege kurudi Nairobi. Kuna Kiingereza cha tatu, cha ofisi, na hicho ndicho kinachoamua nani atakula. Kila mwezi NDMA hutoa taarifa ya ukame ya Turkana, na hatua zake ni maneno ya Kiingereza, kama Normal, Alert, Alarm na Emergency. Ngazi ikibadilika, mipango na pesa za msaada hubadilika. Bima ya mifugo ya serikali, KLIP, ilipoanza 2015 Turkana na Wajir, ilihesabu wanyama kwa kipimo cha TLU: ng'ombe mmoja ni 1, mbuzi 10 ni 1. Na malipo yalitegemea setilaiti iliyopima ukijani wa malisho. Setilaiti haimwangalii mbuzi hata mmoja. Mchungaji anayemjua kila mbuzi kwa sura anakutana na mkataba ambao mbuzi wake ni sehemu ya kumi ya kitu.

Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa Kenya. Ripoti ziliita "livestock losses". Neno sahihi, safi, halina damu. Mtu mzima aliyekuwa na emong aliyeimbiwa nyimbo, aliyempa mwenyewe jina lake la ujana, amewekwa ndani ya neno hilo pamoja na wengine wote. Lakini bila neno hilo hakuna lori la chakula. Mambo yote mawili ni kweli, na mtoto wa hapa lazima aweze kuyabeba yote mawili.

Kwa hivyo mimi nimeanza kubadilisha karatasi zangu. Swan nimemtoa, pamoja na cygnet wake. "Kid" nimeiacha, kwa sababu watoto wanaipenda. Wanafurahi kwamba Kiingereza nacho kiliwahi kumwita mtoto na mtoto wa mbuzi kwa neno moja. Nimeongeza "vaccine", "quarantine", "premium", "claim". Nimeweka loukoi, ugonjwa wa mapafu wa mbuzi, kando ya CCPP, jina ambalo daktari wa mifugo ataliandika kwenye fomu. Mtoto anayeweza kuvuka kutoka loukoi hadi CCPP kwa simu moja anaweza kuokoa zizi la nyanyake. Na mwisho wa karatasi kuna swali ambalo halina alama: mwelezee mtu ambaye hajawahi kumwona mbuzi wako mmoja, mpaka aweze kumtoa katikati ya mbuzi 100.

Majibu ya swali hilo ni marefu. Yana Kiingereza kilichovunjika, Kiswahili, Kiturkana, Kidinka, na michoro ya pembe pembeni mwa ukurasa. Ningependa gazeti kama hili liyachapishe siku moja, kwa ridhaa ya wenyewe, kama fasihi. Mpaka sasa sijasoma Kiingereza bora kuhusu wanyama kuliko hicho.